Kijana anapoelemewa moyoni, nani wa kwanza kusikia? Somo kutoka Moshi

MTOTO akishikwa na homa, kila mtu mzima nyumbani anajua la kufanya. Atamgusa paji la uso, atamnywesha maji, na joto lisiposhuka atampeleka zahanati. Lakini kijana wa miaka 15 anapoanza kujifungia chumbani, kukosa usingizi, kuacha chakula na kutamka kuwa maisha hayana maana, watu wazima wengi hubaki wakitazamana.

Wapo watakaosema ana kiburi, wapo watakaosema amerogwa, na wapo watakaoamini kuwa fimbo itamrudisha katika mstari. Wachache mno watakaa naye chini na kumuuliza kinachomsibu.

Pengo hilo la maarifa si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya matatizo hayo huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na karibu nusu huanza kabla ya miaka 18. Aidha, kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29.

Kwa upande wa tiba, Tanzania ilikuwa na watu zaidi ya milioni 61 katika sensa ya mwaka 2022, ilhali madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe mkoani Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927. Kwa kijana wa Mwika, Kibosho au Uru, mtaalamu huyo yuko mbali kwa nauli, kwa muda na hata kwa fikra.

Ndiyo maana swali linaloulizwa sasa si lini wataalamu watatosha, bali ni nani aliye karibu na kijana leo, na anaweza kufundishwa nini. Katika mji wa Moshi na vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, swali hilo limefanyiwa kazi kwa zaidi ya muongo mmoja, na majibu yaliyopatikana yanastahili kusomwa na kila mzazi, mwalimu na kiongozi wa mtaa.

Malezi hayakuwa ya mzazi peke yake

Wazo la kumkabidhi mtu mzima asiye mzazi sehemu ya malezi ya kijana si geni Uchagani. Hapo zamani, mafunzo ya kumwingiza kijana utu uzima yalitolewa na wazee waliotambuliwa kwa kazi hiyo. Mojawapo ya vifaa vyao ilikuwa mregho, fimbo yenye alama zilizochongwa, ambayo mwalimu aliifuata alama kwa alama akieleza maana ya kila moja.

Mmisionari wa Kijerumani Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi, aliyaandika mafunzo hayo kwa kirefu katika vitabu vilivyochapishwa katika miaka ya 1930. Otto Raum naye alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima kuhusu utoto na malezi ya Wachagga.

Si yote yaliyofundishwa wakati huo yanafaa kurudishwa; ukeketaji wa wasichana, kwa mfano, ni madhara matupu. Hata hivyo, mfumo wenyewe ulikuwa na hekima moja: kijana alikuwa na mtu mzima wa kumwendea mbali na baba na mama yake, na mtu huyo alikuwa ameandaliwa kwa kazi hiyo.

Mfumo huo umelegea. Kihamba kilichogawanywa kwa vizazi kadhaa hakitoshi tena kumlisha kila mwana, na kahawa iliyosomesha wazee wa leo haina tena nguvu iliyokuwa nayo. Wazazi wengi wameteremka kwenda Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam kutafuta riziki, wakawaacha watoto kwa babu na bibi. Wengine wamewapeleka watoto bweni wangali wadogo, na hukutana nao wakati wa likizo. Juu ya hayo, Ukimwi uliacha yatima wengi katika miaka ya 1990 na 2000.

Yatima na wanasihi wasio madaktari

Ni kwa yatima hao ndipo majaribio makubwa yalipoanzia. Taasisi ya utafiti ya wanawake ya mjini Moshi, Tanzania Women Research Foundation (TAWREF), kwa kushirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na Washington vya Marekani, ilichukua watu wazima wa kawaida wasio na taaluma ya afya ya akili na kuwafundisha namna ya kuwahudumia watoto waliofiwa na mzazi na wanaoishi na kiwewe.

Jaribio la awali la Moshi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, lilihusisha watoto 64. Kisha ukafuata utafiti mpana ulioanza mwaka 2013 na kuchapishwa mwaka 2020, uliohusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 katika maeneo ya mjini na vijijini ya Moshi na ya Bungoma, magharibi mwa Kenya. Nusu ya watoto walipata tiba hiyo ya mazungumzo, na wengine walipata huduma za kawaida zinazotolewa kwa yatima katika maeneo yao.

Tiba yenyewe ilikuwa na vikao 12 vya kikundi na vikao vichache vya mtoto mmoja mmoja. Watoto walijifunza kutuliza mwili, kuzitaja hisia zao kwa majina, kutambua jinsi wazo linavyozaa hisia na hisia kuzaa tendo, na hatimaye kusimulia kifo cha mzazi bila kukimbia kumbukumbu yake. Walezi nao walikuwa na vikao vyao sambamba na vya watoto.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Katika mila nyingi za kwetu, mtoto hufichwa habari za msiba, akiambiwa baba amesafiri au asilie kwa kuwa yeye ni mwanamume. Nia huwa ni kumlinda. Mafunzo haya yanamtaka mlezi afanye kinyume: amsaidie mtoto kusema, kwa maneno yake mwenyewe na kwa wakati wake.

Matokeo yalitia moyo na kuonya kwa pamoja. Mara baada ya vikao, watoto waliopata tiba walikuwa wamepungukiwa na kiwewe kuliko wenzao katika maeneo 3 kati ya 4: mjini na vijijini Bungoma, na mjini Moshi. Mwaka mmoja baadaye, tofauti hiyo ilibaki Bungoma tu. Kwa upande wa Moshi, watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayolingana.

Watafiti waliona kuwa huenda tiba ilionekana na nguvu zaidi Bungoma kwa sababu watoto wa huko walikuwa katika dhiki kubwa zaidi ya umaskini, upungufu wa chakula na afya dhaifu ya walezi. Kwa maneno mengine, nafuu aliyoipata mtoto haikutegemea stadi za mnasihi pekee. Ilitegemea pia hali ya nyumba aliyorudi baada ya kikao.

Hata hivyo, jambo moja lilidhihirika: mtu asiye daktari, akifunzwa vyema na kusimamiwa kwa karibu, anaweza kutoa msaada unaopimika.

Sauti ya Vijana

Jaribio la pili lililofanyika Moshi liliwahusu vijana wenyewe. Kutokana na dawa za kufubaza virusi, watoto waliozaliwa na Virusi vya Ukimwi (VVU) sasa wanafikia ujana na utu uzima. Lakini wengi wao hubeba mambo mazito: wamefiwa na wazazi, wanaficha vidonge wakiwa bweni, wanaogopa kutengwa, na hawajui lini wamwambie mchumba. Kijana aliyekata tamaa huacha dawa, na akiacha dawa virusi huongezeka.

Mpango uliopewa jina la Sauti ya Vijana ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, akiwamo Dk. Dorothy Dow, pamoja na wenzao wa Kitanzania, kwa ajili ya vijana wa miaka 12 hadi 24 wanaohudhuria kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi.

Ulikuwa na vikao 10 vya kikundi, viwili kati yake vikiwashirikisha walezi, na vikao viwili vya kijana mmoja mmoja. Viongozi wa vikundi walikuwa vijana waliokomaa, wasio na shahada ya saikolojia, waliofunzwa na kusimamiwa katika kazi yao. Mada zilianzia msongo wa mawazo na namna ya kuukabili, zikapita katika uhusiano na siri ya hali ya afya, na kuishia katika malengo ya maisha.

Matokeo ya jaribio hilo la awali yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa mpango huo unatekelezeka, vijana waliukubali, na kulikuwa na dalili njema katika utumiaji wa dawa na kufubaa kwa virusi. Jaribio lilikuwa dogo na halikukusudiwa kutoa hukumu ya mwisho.

Kwa nini walezi walipewa vikao viwili? Sababu ni nyepesi. Kijana anaweza kujifunza kusema, lakini akirudi nyumbani na kumkuta mtu asiyejua kusikiliza, somo lote linapotea.

Mtu mzima hufundishwa nini?

Yapo mafunzo ya aina mbili, na ni vyema kuyatenganisha. Ya kwanza ni ya mnasihi, kama wale wa TAWREF, ambaye huendesha vikao kwa wiki kadhaa na husimamiwa na mtu mwenye uzoefu zaidi. Ya pili ni ya mtu mzima yeyote: mzazi, mwalimu, katekista, shehe, kocha wa mpira, mjumbe wa mtaa. Huyu hatibu. Kazi yake ni kugundua mapema, kusikiliza na kumfikisha kijana kwa wenye ujuzi.

Aina hii ya pili ilipata umbo nchini Australia mwaka 2000, pale Betty Kitchener na Anthony Jorm walipoanzisha kozi ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, wakiiga mantiki ya huduma ya kwanza ya majeraha. Mwaka 2011, WHO na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa walio katika maafa, wenye hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hatua hizo zinatosha kuwa dira hata kwa maisha ya kila siku.

Kutazama ni kuona mabadiliko. Ujana wenyewe una ghadhabu na ukimya wake, na si kila kijana anayenuna ana ugonjwa. Kinachopaswa kumshtua mtu mzima ni mabadiliko yanayodumu kwa wiki mbili au zaidi na yanayoharibu shughuli za kijana. Dalili hizo ni pamoja na alama kushuka ghafla, kuacha michezo aliyoipenda, kulala kupita kiasi au kukosa usingizi, maumivu ya kichwa au tumbo yasiyoonekana sababu hospitalini, kuanza pombe au bangi, kugawa vitu vyake vya thamani, na kuzungumzia kifo.

Kusikiliza ndiko kugumu zaidi. Mtu mzima wa Kiafrika amezoea kuwa kijana akisema, yeye hujibu kwa nasaha. Mafunzo humtaka azuie ulimi. Kauli kama "wenzako wana shida kubwa zaidi," "acha utoto" au "omba tu, yatapita" hufunga mlango, hata zikisemwa kwa upendo. Badala yake anafundishwa kuuliza: "Nimeona siku hizi huna raha. Unaweza kunieleza?" Kisha anyamaze, asubiri.

Sala haikatazwi. Kilimanjaro ni mkoa wa makanisa na misikiti, na kwa familia nyingi kiongozi wa dini ndiye wa kwanza kuitwa. Kinachosisitizwa ni kuwa sala na zahanati havigombani. Kiongozi wa dini aliyefunzwa huweza kuwa daraja, badala ya kuwa kituo cha mwisho.

Lipo pia swali ambalo watu wazima huliogopa kuliko yote: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huamini kuwa kuuliza hivyo ni kumpandikizia kijana wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zimeonyesha kuwa sivyo. Kuuliza kwa upole na waziwazi humpa kijana nafasi ya kuutua mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za shambani na vitu vingine vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Onyo kuhusu dawa za shambani lina uzito wa pekee katika mkoa wa wakulima. Viuatilifu ni miongoni mwa njia zinazotumika zaidi duniani kujidhuru, hasa vijijini. Chupa iliyofungiwa kabatini kwa kufuli huweza kuokoa maisha, kwa kuwa mara nyingi saa ya hatari hupita iwapo njia haipo karibu.

Kuunganisha ni kujua mipaka. Mtu mzima aliyefunzwa anapaswa kufahamu zahanati iliyo karibu, ofisa ustawi wa jamii wa eneo lake na kliniki ya hospitali ya rufaa. Anapaswa pia kutunza siri, isipokuwa pale uhai wa kijana unapokuwa hatarini au anapotendewa ukatili, na kijana aambiwe mapema kuhusu mpaka huo.

Wenzetu wamefanya nini?

Moshi haiko peke yake katika njia hii. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki, ambapo wanawake wa makamo na mabibi waliofunzwa huwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Utafiti uliohusisha watu wazima 573 mjini Harare, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi 6.

Nchini Kenya, mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliotoka tu sekondari kuendesha vikao vinne kwa wanafunzi. Matokeo ya mwaka 2021, yaliyohusisha wanafunzi 413, yalionyesha kupungua kwa sonona na wasiwasi. Na jirani kabisa, mkoani Arusha, walimu wa sekondari walifunzwa kwa kutumia mwongozo wa elimu ya afya ya akili uliotumika pia Malawi. Maarifa yao yaliongezeka na unyanyapaa ukapungua.

Vikwazo vilivyopo

Ingekuwa ni kujidanganya kudhani kuwa semina ya siku tatu inamaliza kazi. Kikwazo cha kwanza ni usimamizi. Wanasihi wa Moshi hawakupewa cheti na kuachwa. Walikuwa na wasimamizi wa kuwasikiliza na kuwasahihisha. Anayesikiliza huzuni za watu bila yeye mwenyewe kusikilizwa huchoka, na aliyechoka huweza kuumiza.

Kikwazo cha pili ni malipo. Kazi za kujitolea huangukia zaidi wanawake, ambao tayari wana shamba, soko na familia. Miradi ya wafadhili huja na posho, na ikifungwa posho hukoma na watu hutawanyika. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafunza na kuwalipa wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hiyo ni fursa ambayo Kilimanjaro haipaswi kuipoteza: afya ya akili ya vijana ipewe nafasi katika kazi za wahudumu hao, sambamba na lishe na malaria.

Kikwazo cha tatu ni hofu ya sheria. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imehesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia nyingi huficha tukio kwa kuogopa polisi. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha aina hiyo nchini humo kinakiuka katiba. Mjadala huo unastahili kufika na hapa kwetu, kwa sababu kijana aliyefichwa hatibiwi.

Cha nne ni wanaume. Akina baba wengi huona kuwa kusikiliza hisia ni kazi ya mama. Lakini mvulana anayeambiwa kila siku kuwa mwanamume halii, atajifunza kulia kwa njia nyingine: kwa pombe, kwa ngumi au kwa kujidhuru.

La kufanya sasa

Hakuna haja ya kungoja mradi mpya. Kamati za shule zinaweza kumwomba mtaalamu wa hospitali ya wilaya azungumze na wazazi kabla ya msimu wa mitihani. Jumuiya ndogondogo za makanisa, madrasa na vikundi vya kuweka na kukopa tayari hukutana kila wiki. Saa moja kwa mwezi ingetosha kuanza. Shule za bweni zinaweza kuhakikisha kuwa mwalimu wa unasihi si yule yule anayeshika fimbo, maana mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo mtu anayemwogopa.

Kwa mtoto au mlezi anayehitaji msaada, ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto kwa namba 116, ambayo haitozwi malipo. Namba hiyo ibandikwe darasani, bwenini na kwenye mlango wa ofisi ya mtaa.

Desemba, barabara za Marangu, Machame na Rombo hujaa magari ya wanaorudi nyumbani. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na watoto hupimwa kwa urefu na kwa alama za mtihani. Wazazi wanaowaona watoto wao mara moja kwa mwaka wana siku chache tu. Ni vyema baadhi ya saa za siku hizo zitumike kukaa na kijana chini ya migomba na kumuuliza anavyoishi, kisha kumwacha ajibu hadi mwisho.